Mkono wa Mama Mchungaji

Kofi la kwanza nililopigwa Marekani nilipigwa na Mama Mchungaji, mlangoni mwa kanisa letu kule Louisville, nikiwa mtu mzima mwenye ndevu na mvi zinazoanza. Nilikuwa nimerudi kutoka Columbus, nilikokwenda kutafuta kazi bila kumuaga mtu. Alinitazama, akaweka Biblia yake kwenye ngazi ili mkono uwe huru, akanizaba. Kisha akanikumbatia mpaka mbavu zikauma. Aliniuliza ni nani aliyenisindikiza siku ile nilipoondoka. Nikasema hakuna.

"Basi hukuondoka," akasema. "Ulitoroka."

Waumini walipita wakicheka. Shemasi mmoja, Mkongo wa Uvira, alinishika bega akaninong'oneza: "Bon, sasa uko mutu wa hapa. Miye alinipigaka mbele ya watoto wangu. Donc, pole, na karibu."

Tulimwita Mama Mchungaji kwa sababu ya marehemu mumewe, aliyetuchunga sisi Warundi kule kambini Kigoma. Mchungaji mwenyewe alikuwa mtu wa sauti ndogo, anayehubiri kana kwamba anaomba maji ya kunywa. Siku moja nilimuuliza mama kama mumewe naye aliwahi kupata kofi lake. Alishangaa kweli. Nimpige mpakwa mafuta, alisema, wewe una akili?

Lakini wengine wote tulipigwa. Aliyechelewa mazoezi ya kwaya alipigwa. Aliyemjibu mzazi wake kwa Kiingereza mbele yake alipigwa, na mzazi aliyenyamaza baada ya kujibiwa hivyo akapigwa pia. Alikuwa na neno lake moja alilolirudia kila mara baada ya kofi, akikusawazishia kola ya shati: "Nikikupiga ujue bado nakuhesabu." Alimaanisha kwamba bado upo katika watu wake. Mtu ambaye mama alimkatia tamaa, alimsalimia kwa adabu na kumuulizia hali ya hewa, na adabu hiyo ndiyo tuliyoiogopa. Nami nasema ukweli, nilipokuwa mbali, katika miji ambako hakuna aliyejua kama nimelala au nimekufa, nililikumbuka lile kofi kama mtu anavyokumbuka chakula cha kwao.

Mkono wake ulikuwa na historia. Kambini wanawake walivamiwa porini walipokwenda kuokota kuni, na wengine hawakurudi. Mama Mchungaji alianza kutangulia mbele ya mstari akiwa na panga. Siku moja mwanaume alitoka kichakani akamshika msichana wa mwisho kwa nywele. Mama alirudi nyuma mbio, akamkata mkono juu kidogo ya kiwiko, mpaka mfupa ukaonekana mweupe. Yule mtu akaanguka akilia kama mbuzi. Wanawake wakasema tukimbie. Yeye akachana kitenge chake, akapiga magoti, akamfunga jeraha akimtukana matusi ambayo mke wa mchungaji hakutakiwa kuyajua, mpaka damu ikapungua. Ndipo akajitwika kuni zake. Wanawake walioshuhudia sasa wanaishi Louisville na Columbus, na kila mmoja anaisimulia damu kwa namna yake, lakini kitenge hakuna anayekisahau.

Hapa Marekani hakuwa na panga, akawa anatumia kilichopo. Tulifanya kazi pamoja katika ghala moja la vifurushi upande wa Okolona. Kulikuwa na msimamizi mdogo mwenye tabia ya kuwashika wanawake makalio wakipita na mikokoteni. Wasichana wetu waliogopa kusema kwa sababu walitaka kazi. Mchana mmoja, katika chumba cha kulia, alimshika dada mmoja wa Bujumbura mbele yetu. Mama Mchungaji alikuwa na maharage yake katika kisufuria cha chuma. Alikifunika vizuri kifuniko, akasimama, akampiga nacho mdomoni. Jino lilidondoka juu ya meza likazunguka kidogo kabla ya kutulia. Yeye na msimamizi walifukuzwa siku hiyo hiyo. Alitoka na kisufuria kwapani, kimebonyea, akaniambia kwamba kinachomuuma ni kuwa maharage yamepoa.

Pamoja na hayo yote alimwogopa paka. Na alipenda, kuliko kitu chochote katika nchi hii, kulala katika zile nyumba za watu wanaopokea wageni, wanaokupa chumba na chai ya asubuhi. Aliziita nyumba za chai.

Mapenzi hayo yalianza kwa vurugu. Tulikuwa tukienda mkutano wa makanisa Columbus, tukalala katika hoteli ya barabarani, ile ambayo kila mlango unatazama magari. Katika chumba cha jirani mwanaume alikuwa akimpiga mwanamke. Tulisikia kichwa kikigonga ukuta. Mama alikwenda kugonga mlango, na ulipofunguliwa akaingia bila kuulizwa. Nilipofika alikuwa amemkalia yule bwana kifuani, naye mwanamke aliyekuwa akipigwa anamvuta mama nywele amwachie mumewe. Polisi walipokuja, walianza kwa kumfunga pingu yeye. Ilichukua muda mrefu kueleza. Tangu siku hiyo alikataa hoteli. Alisema katika hoteli unaweza kuuawa ukuta kwa ukuta na wenzako, na asubuhi mtu wa usafi ndiye atakayejua jina lako. Katika nyumba ya chai, mwenye nyumba analala chini ya paa lile lile. Ukilia atasikia.

Basi kwenye mikutano ya Columbus tukawa tunafikia Clintonville, kwa mjane mmoja Mzungu mwenye nyumba ya mbao na varanda. Mara ya kwanza mama alifika na mfuko wa unga wa mahindi kichwani, kwa sababu mgeni haendi mikono mitupu. Mjane aliupokea kwa mikono miwili bila kujua ni nini. Alfajiri alikuta uwanja umefagiwa, vyombo vimeoshwa, na mgeni wake amesimama juu ya kiti jikoni akimtishia paka kwa mwiko. Walicheka mpaka mjane akalia. Siku ya kuondoka, Mama Mchungaji alikataa kuingia garini mpaka mjane amsindikize, na mjane akatembea naye mpaka kona ya mtaa, amevaa kandambili. "Huyu ni mtu," mama aliniambia njiani. Kinywani mwake hakukuwa na sifa iliyozidi hiyo.

Alikuwa na binti mmoja tu aliyebaki hai, Godeliva. Binti huyo alikuwa ameolewa na dereva wa malori, Mrundi mwenzetu, wakahamia Santa Fe, mbali huko kusini-magharibi, ambako Godeliva alitunza wazee majumbani. Mama alimtaja kwa majivuno. Kila Jumapili walipigiana simu, na mwisho wa mazungumzo mama alimwambia aimbe ubeti mmoja, wowote.

Ilikuwa mwaka 2015, Jumapili moja, nikiwa nimekaa kwake nakunywa uji. Godeliva aliimba. Mama alisikiliza akiwa amefumba macho, kisha akamwambia arudie. Akarudia. Mama akaagana naye vizuri, akaweka simu mezani, akaniambia binti yake hana jino la mbele. Pumzi inatoroka, alisema. Wiki iliyopita haikuwa inatoroka. Halafu, bila kupandisha sauti: "Amempiga mwanangu mdomoni. Utaniendesha."

Sikuuliza ni lini. Mimi gari langu huwa halijui kukataa safari. Njiani, siku ya pili ilipoanza na nchi ikawa kavu na wazi, nilimuuliza anakwenda kufanya nini hasa. Alisema anakwenda kumtoa. Je, akikataa kutoka? Alitazama dirishani. Alisema watoto wengine wote aliwazika, huyu hatamzika.

Santa Fe ni mji wa zamani, wa udongo. Sikuwa nimetegemea. Nyumba zina kuta za matofali ya tope na majani, pembe zake zimeviringika kama mkate, na pilipili nyekundu zimetungwa zikining'inia milangoni. Watalii walipita wakizipiga picha. Mama Mchungaji alisimama katikati ya njia akacheka, cheko la kwanza tangu Louisville. Alisema tumekimbia nyumba ya udongo kambini, tumevuka bahari, na sasa tunalala ndani yake kama wafalme. Aliugusa ukuta kwa kidole, akakilamba, akasema udongo huu una chumvi kuliko wetu. Na mimi, nitakiri, nilisogeza pua ukutani. Harufu ilikuwa ile ile ya mvua ya kwanza kambini, na hakukuwa na mvua.

Nyumba yetu ya chai ilikuwa ya mzee na mkewe, wenyeji wa mji huo, wanaozungumza Kihispania wao kwa wao. Ilikuwa na lango la buluu, ua mdogo, na meko ya kuotea moto pembeni mwa ua. Mama aliwapa unga. Mzee yule, tofauti na mjane wa Clintonville, alijua mara moja ni unga wa nini, akaunusa na kumwita mkewe.

Tulikwenda kwa Godeliva kwa miguu, jioni jua likiwa bado juu. Mumewe alitupokea vizuri mno. Alimwita mama kwa heshima zote, akamletea kiti chenye mto, akaleta maji ya kunawa. Godeliva alikuwa amevaa sweta la mikono mirefu katika joto lile, na alipocheka alifunika mdomo. Mama hakuuliza chochote. Alikula ugali, akasifu mboga, akasimulia habari za watu wa Louisville, akaeleza tumefikia wapi, nyumba yenye lango la buluu karibu na kanisa kongwe. Nilimwangalia nikafikiri: amezeeka, ameogopa, tutarudi mikono mitupu. Kisha akasimama, akajifunga kitenge.

"Godeliva, nisindikize."

Mume alichukua funguo haraka. Alisema atatupeleka wote kwa gari, mama asichoke.

"Tangu lini mkwe akamsindikiza mama mkwe?" mama aliuliza kwa upole. "Au una haraka ya kunitoa?"

Yule bwana alikaa. Angeweza kumvunja mkewe mbavu na kulala usingizi mzuri, lakini kumzuia mtoto asimsindikize mama yake mlangoni, hilo hakuliweza. Hakuna Mrundi angeliweza. Alisema tu asichelewe.

Godeliva alitoka na kandambili, bila mkoba, bila simu. Tulitembea polepole kama watu wanaosindikizana, tukiongea habari ya bei ya mchele. Kwenye kona alisimama, kama desturi ilivyo, akasema yeye anaishia hapa. Mama akamshika kifundo cha mkono. "Leo unanifikisha," akasema. Godeliva alielewa. Alitazama nyuma mara moja, akafuata.

Hapo ningependa kuiacha habari hii, maana mpaka hapo mama alikuwa ameshinda bila kumgusa mtu. Lakini asubuhi iliyofuata niligundua kwa nini alikuwa ameitaja nyumba yenye lango la buluu. Niliwasha gari mapema tuondoke. Yeye akasema hapana, tunywe chai kwanza, chai ni sehemu ya nyumba. Alikaa uani akitazama lango. Alikuwa anamsubiri.

Yule bwana aliingia wageni wengine wakila mayai. Alisema kwa sauti ya chini kwamba amekuja kumchukua mke wake. Godeliva aliacha kikombe. Mama alisimama kati yao, akasema mke huna. Yule bwana alimsukuma, na kisogo cha mama kikagonga ukuta, kipande cha udongo kikadondoka. Nilikuwa bado nazunguka meza nilipomwona mama ameshika chuma cha kuchokorea moto cha pale mekoni. Alimpiga gotini, nikasikia mlio. Alipoinama akampiga begani. Alipoweka mkono chini ajizuie, akaupiga mkono. Alipiga kama mtu anayetwanga, kwa mpangilio, bila hasira usoni. Mzee mwenye nyumba alikuwa akipiga kelele kwa Kihispania, mtalii mmoja alijificha nyuma ya kiti, nami nilikuwa nimemshika mama kiunoni na sikuweza kumsogeza hata kidogo. Damu ilikuwa kwenye vyombo vya chai. Yule bwana aliacha kujikinga, na mama hakuacha.

Ni Godeliva aliyejitupa juu ya mumewe. "Mama, basi. Utamuua."

Mama alishusha chuma. Alimwinua binti yake kwa sweta mpaka akasimama wima, akamwangalia, akamzaba kofi. Lilikuwa kofi langu lile lile la mlangoni mwa kanisa. Nililijua hata mlio wake.

"Unamlinda huyu?" akamuuliza, tena kwa uchungu, mkono tayari unakwenda kumsawazishia kola.

Godeliva alirudi nyuma mkono usimfikie. Mdomo ulikuwa umeanza kuvuja damu pale penye pengo. "Ndiyo maana nilikaa naye, Mama," alisema. "Kila aliponipiga nilijua bado ananihesabu."

Mama Mchungaji alirudisha mkono wake. Akakaa kwenye ukingo wa meko.

Polisi walipofika, mzee mwenye nyumba aliwaeleza alichokiona, kwamba mwanaume ndiye aliyeanza kusukuma. Godeliva alivua sweta mbele ya askari wa kike, na baada ya hapo hawakumuuliza maswali mengi. Mume alipelekwa hospitali chini ya ulinzi. Mama naye alichukuliwa, akarudishwa jioni bila kushtakiwa. Hakumkuta binti yake. Godeliva alikuwa ameniomba nimpeleke kituo cha mabasi. Nilimtajia Louisville, akatikisa kichwa. Nilikuwa na binamu yangu Lackawanna, karibu na Buffalo, mama wa watu, asiyepiga hata nzi. "Huko," alisema. "Mbali na wote wawili."

Tulirudi mimi na mama. Tulilala tena katika nyumba ya chai njiani, na asubuhi hakufagia uwanja wa mtu. Louisville alianza kuwahi kanisani na kukaa kiti cha nyuma. Kwaya ikachelewa, watoto wakajibu Kiingereza, yeye akatazama magoti yake. Shemasi wa Uvira aliniuliza kwa wasiwasi: "Mama yetu iko mugonjwa? Hatupigi tena." Watu walimkosa, nami nilimkosa, na sikujua kama tuna haki ya kumkosa.

Nami nikahama tena, nikapata kazi ya kiwanda Buffalo. Majira ya baridi yaliyofuata, Godeliva aliniambia kwamba mama anaweza kuja. Alikuwa na masharti. Aje Jumapili mchana, binamu yangu awepo, mlango usifungwe, na asilale hapo. Nilimfikisha mama Lackawanna kutoka katika nyumba ya chai aliyofikia mjini. Theluji ilikuwa imerundikwa pande zote za barabara. Hakuwa na unga. Alisema hajui kama yeye ni mgeni.

Tulikaa sebuleni na mlango wazi kidogo, baridi ikiingia, binamu yangu amejifunika shuka bila kulalamika. Godeliva alikuwa amewekewa jino. Walizungumza juu ya kazi, juu ya wazee anaowahudumia, juu ya mumewe ambaye kesi yake ilikuwa imekwisha na amefungwa. Mama alikuwa ameikalia mikono yake, viganja chini ya mapaja, kama mtoto aliyeambiwa asiguse kitu.

Nywele za Godeliva zilikuwa zimeoshwa na kusimama ovyo. Mume aliwahi kumtegua bega la kushoto, na tangu hapo hakuweza kuinua mkono vya kutosha kujisuka. Binamu yangu alikuwa akimsuka, na siku hiyo alianza kuinuka achukue chanuo. Godeliva akamwambia akae. Alichukua chanuo mwenyewe, akampa mama, akaketi chini kwenye zulia, mgongo kati ya magoti ya mama yake.

Mama aliinua mkono. Godeliva alijikunja papo hapo, kiwiko juu ya kichwa, macho yamefumbwa, kama mtu anayerushiwa mawe. Chanuo lilibaki juu hewani. Mkono ulioshika chanuo ulikuwa ule ule uliomkata mtu mpaka mfupa.

Mama aliushusha polepole, akauzungusha mbele ya uso wa binti yake, akaliweka chanuo mahali macho yakifunguka yatakapoliona. Alisubiri mpaka yakafunguka.

"Naleta chanuo," akasema. "Upande wa kulia."

Godeliva aliliangalia chanuo. Kisha akateremsha kiwiko.

"Lete."

Chanuo lilipita mara moja, kutoka kwenye paji mpaka kisogoni, likatoka. Mkono ukarudi mbele, ukaonekana.

"Naleta tena."

"Lete."